Emeli Sandé na Albamu Iliyowapita Beatles

Mwaka 2008 jina la Adele lilikuwa limeshachukuliwa. Januari ya mwaka huo binti mmoja wa Tottenham, London, alitoa albamu yake ya kwanza, 19, na mtu mwingine mwenye jina hilohilo aliyetaka kuimba soul nchini Uingereza hakuwa na pa kupenyea. Mtu huyo alikuwepo. Aliitwa Adele Emily Sandé, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Hakugombania jina na mtu. Alichukua lile la kati, akabadilisha herufi mbili tatu, akawa Emeli Sandé. Februari 2012 alitoa albamu yake ya kwanza, Our Version of Events, na mwaka ulipokwisha hakukuwa na albamu iliyouzwa zaidi Uingereza kuliko hiyo. Iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa 21, ya yule Adele mwingine.

Sandé alizaliwa mwaka 1987 mjini Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Baba yake ni Mzambia aliyekwenda huko kusoma, mama yake ni Mwingereza. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Alford, kijiji cha Aberdeenshire, Scotland, penye mashamba, baridi na watu weusi wa kuhesabika. Baba alifundisha katika shule ya hapohapo, na binti amewahi kueleza kwamba kwa hali hiyo hakuwa na njia ya kuwa mtundu. Alikuwa mwenye haya, mpenda vitabu, akicheza piano na kuwasikiliza Nina Simone na wenzake.

Alipokuwa bado kijana wa shule alipewa nafasi ya kusaini mkataba wa muziki, akaikataa ili asome kwanza. Mzazi yeyote wa Kiafrika angempigia makofi. Akaingia udaktari, akafika hadi kupata shahada ya sayansi ya ubongo na neva, ndipo akaacha masomo na kuuchukua muziki kama kazi.

Lakini hakuanzia jukwaani. Alianzia jikoni, kwenye nyimbo za watu wengine. Alikutana na prodyuza Shahid Khan wa Watford, anayejulikana kama Naughty Boy, wakawa wanaandika pamoja. Mwaka 2009 sauti yake ilisikika katika kibao cha rapa Chipmunk, Diamond Rings, kisha ikasikika kwa rapa mwenzake Wiley, huku kalamu yake ikifika hadi kwa waimbaji kama Susan Boyle na Leona Lewis. Kwa hiyo Waingereza walimzoea sikioni kabla ya kumjua sura. Nadhani siri ya albamu yake inaanzia hapa: aliyekwisha kuwaandikia rapa wa mtaani na mama wa kwaya kwa wakati mmoja anajua wimbo gani utaimbwa na nani, na wapi.

Kibao chake cha kwanza akiwa peke yake, Heaven, kilitoka Agosti 2011 na kupanda hadi nafasi ya pili. Ngoma zinakimbia kwa kasi, vinanda vya nyuzi vinatanda juu yake, na sauti inapita katikati bila haraka. Wengi walisikia humo harufu ya Unfinished Sympathy ya Massive Attack, kundi la Bristol, wimbo wa mwaka 1991. Hawakukosea, ila Sandé ana kitu ambacho wimbo ule hauna: mafunzo ya mtu aliyekua akiimba na piano sebuleni.

Next to Me ndio uliomfikisha kila kona. Ukiusikiliza kwa makini utaona ufundi wake ni mdogo na wa uhakika. Piano inagonga kama mtu anayepiga hodi, ngoma inaitikia. Beti zinataja mahali ambapo mwanamume huyu hapatikani, na kiitikio kinasema alipo. Basi. Hakuna kupanda kwa madoido, hakuna kupiga kelele ili kuonyesha pumzi. Wapo waliousikia kama wimbo wa mume mwema, wapo waliousikia kama wimbo wa Mungu, na wote wakaucheza harusini.

Clown ni mwingine kabisa. Chanzo chake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni vikao na wakubwa wa kampuni za kurekodi waliomtazama kama mchekeshaji aliyeletwa kuwaburudisha. Kwangu huo ndio wimbo bora wa albamu, kwa sababu hasira yake haipazi sauti.

Tuseme na upande wa pili. Nyimbo ni 14, na baada ya kumi hivi mwendo wa pole unaanza kuchosha. River na Lifetime zinapita bila kuacha alama. Hata Hope, aliouandika na Alicia Keys, una nia njema kuliko ladha. Sandé anapokosa mdundo wa kumsukuma, hulala kwenye uzuri wa sauti yake.

Hayo hayakuwazuia wanunuzi. Julai 2012, katika ufunguzi wa Olimpiki ya London, aliimba Abide with Me, wimbo wa kanisani ambao Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wanaujua kama Kaa Nami na wameusikia misibani. Agosti alirudi kwenye sherehe za kufunga. Mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kununua kitu cha rapa yeyote walimwona mara mbili ndani ya wiki tatu.

Matokeo yake yako kwenye chati. Tangu miaka ya sitini, Please Please Me ya Beatles ndiyo iliyokuwa albamu ya kwanza ya msanii iliyokaa muda mrefu zaidi ndani ya kumi bora za Uingereza bila kutoka: wiki 62. Aprili 2013 Sandé alifikisha ya 63. Kabla ya hapo, Februari, alikuwa amebeba tuzo mbili za Brit, ya mwimbaji bora wa kike na ya albamu bora. Mauzo yalivuka nakala milioni 2 nchini humo, na magazeti yakaanza kulalamika kwamba kila ukifungua televisheni yumo.

Albamu ya pili, Long Live the Angels, ilichelewa hadi 2016. Katikati alikuwa ameachana na mumewe na kusafiri hadi Zambia kwa ndugu wa baba yake. Katika wimbo wa Tenderly anaimba na baba huyo pamoja na kwaya ya Serenje, ya hukohuko Zambia.

Anayetaka kuanza na Sandé asikimbilie Next to Me, ambao huenda ameshausikia bila kujua ni wa nani. Aanze mwisho wa albamu, na Read All About It, sehemu ya tatu. Wimbo huo ulianza kwa rapa Professor Green akimzungumzia baba yake aliyejiua, na toleo lao la pamoja lilishika namba moja mwaka 2011. Humu Sandé ameondoa rapu yote, ameandika beti zake na kubaki na piano. Sikiliza matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, kisha urudi kwenye Clown.