Dakika tatu za litungu

Khocha, yaani mjomba wangu, hugombana na runinga. Juni 1, 2024, Madaraka Dei ilipofanyika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, alikataa kwenda kusimama juani. Akaketi sebuleni na kikombe chake cha chai, akingoja Bungoma ionyeshwe Kenya nzima. Wachezaji wa ngoma wakaingia uwanjani, mtangazaji akazidi kusema: wageni waliofika, magari yaliyofika, nani kaketi na nani jukwaani. Khocha akaongeza sauti. Kilichoongezeka ni mtangazaji.

Tangu siku hiyo nimejua kuwa muziki wa kwetu sisi Wabukusu kwenye runinga huviziwa, kama swara.

Pa kwanza pa kuvizia ni Agosti, msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927. Wanafunzi huimba nyimbo za kiasili za jamii mbalimbali, na washindi huenda kumtumbuiza Rais. Usicheke ukiona watoto wa Pwani wakiimba Kibukusu. Huenda wakamshinda mwanao aliyezaliwa Kitale na asiyejua kusalimia nyanyake. Ila ujue kuwa jukwaa la tamasha lina saa. Wimbo uliozoea kukesha hukunjwa ukaingia dakika chache, mwanzo wake ukanyolewa na mwisho ukapigwa pasi.

Mwaka ukiwa shufwa, Agosti hiyo hiyo huleta sikhebo, tohara ya Wabukusu, na kamera nazo hufuata. Hupenda tope. Kijana aliyepakwa tope alfajiri, umati nyuma yake, wimbo wa sioyaye ukiimbwa kutoka mtoni: hiyo ni picha ya habari za saa moja, na ni picha nzuri kweli. Lakini chinyimba, kengele za mkononi, zilianza kulia siku nyingi kabla ya hapo. Kijana amezigonga njia nzima akialika jamaa, mpaka kwa mjomba, anakochinjiwa na kuvishwa nyama shingoni. Khocha amewavisha wapwa watatu. Hakuna kamera iliyowahi kufika kwake siku hiyo, na nadhani ndiyo maana anagombana na runinga.

Kwenye vichekesho sisi Waluhya tulipata nafasi kubwa zaidi. Papa Shirandula wa runinga ya Citizen, bawabu mwenye lafudhi yetu aliyemficha mkewe kazi yake, alitufanya tujicheke kwa miaka mingi, mpaka Charles Bukeko aliyemwigiza alipofariki Julai 2020. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Hata hivyo, lafudhi si utamaduni wote, na kuna mtazamaji asiyetujua kwa jingine ila ile lafudhi.

Kisha kuna litungu, ala yetu ya nyuzi. Mwone mpigaji kabla hajaanza. Ngozi ya kisanduku imewambwa, nyuzi saba au nane zimepanda hadi kwenye mti wa juu zilikofungwa. Anadonoa mmoja, anainamisha sikio, anaupindisha kidogo kule juu, anadonoa tena. Anakohoa. Anadonoa wa jirani yake. Wanaolijua litungu hukaa kimya hapo, kwa sababu wimbo umeshaanza. Runinga hukata kipande hicho chote, ikaingilia pale vidole vinapokimbia, na kabla mpigaji hajafika kwenye masimulizi, hajamtaja marehemu wala bwana arusi, tangazo la sabuni limeingia. Ningepewa kamera mimi, ningemketisha nje ya nyumba za kiasili kwenye Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974, nimwache akaze nyuzi mpaka atosheke.

Redio ilituelewa mapema. West FM iko hapo hapo mjini Bungoma, Sulwe FM inatangaza kwa Kibukusu, na mtu anaweza kulima shamba akisikiliza. Shida ni kwamba redio haionyeshi mabega, na ngoma yetu ni mabega.

Ile Juni 1, mtangazaji alipofika kwenye orodha ya pili ya wageni, Khocha alizima sauti ya runinga akaiacha picha. Akavuta redio yake, akazungusha kitufe taratibu mpaka akakuta litungu. Miguu ya wachezaji ilikwenda kivyake na nyuzi zikaenda kivyake. Akaniambia nimwongeze chai.