Mutoto asiyetulia si mulozi: TDAH ni nini?

Kwenye masomo ya Goma, Bukavu ao Uvira, walimu wanajua mutoto wa namna hii: hakai kwenye banki, anajibu mbele ulizo liishe, kila siku anapoteza kalamu ao kaye. Nyumbani wanamuita mukaidi. Shida ikizidi, kuko wanaoanza kunong'ona kama ni mulozi.

Wanganga wa akili wanaijua hali hiyo kwa jina la TDAH (Waingereza wanasema ADHD). Ni shida ya kukaza akili na kutulia. Inatokana na namna ubongo unavyokomaa, na mara nyingi inafuata jamaa: unakuta baba ao mama naye alikuwa vile. Haitokani na uchawi wala malezi mabaya.

Haionekani sawasawa kwa wote. Kuko anayerukaruka. Kuko mwingine, sana sana binti, anayekaa kimya lakini akili iko mbali. Huyo hasumbui mutu, ndiyo maana anasahaulika.

Lakini si kila mutoto muchangamufu ana TDAH. Dalili zinapaswa kuwa zilianza mbele ya miaka 12, zidumu miezi 6 ao zaidi, zionekane nyumbani na masomoni vilevile, na ziharibu kusoma ao kuishi na wengine. Tena, mutoto aliyekimbia vita na asiyelala usiku anaweza kuonyesha dalili zilezile. Kifafa ao masikio yasiyosikia vizuri pia vinaweza kudanganya. Kwa hiyo jirani ao mwalimu hawezi kukata kauli. Ni munganga anayepima.

Hatari kubwa iko ndani ya roho. Mutoto anayepigwa na kuchekwa miaka mingi anaishia kuamini kwamba hana maana. TDAH isiyotunzwa inaongeza hatari ya wasiwasi, huzuni nzito, ulevi, hata mawazo ya kujiua. Wengi wanaendelea nayo hadi ukubwani.

Kusaidia kunaanza na vitu vidogo. Muzazi atoe agizo moja moja, kwa maneno mafupi, aweke saa ileile ya kulala, na asifu mutoto akifanya vizuri. Mwalimu amuweke banki ya mbele, agawe kazi vipande vipande, na amutume kufuta ubao ili mwili upate kutembea. Dawa ziko, lakini ni munganga tu anayeziandika. Bukavu kuko kituo cha SOSAME, Goma kuko Tulizo Letu. Anayekaa mbali na miji aanzie kituo cha afya cha karibu.

Kuhusu ulozi, sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto iko wazi: anayemushitaki mutoto kuwa mulozi anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 3, na kulipa amande. Kumunyima mutoto chakula ao kumuchapa fimbo ili "atolewe ulozi" hakuponyi ubongo. Kunamuongezea kidonda kingine.