Mapigo ya Moyo kwa Kijana na kwa Mzee

Moyo ni mlinzi asiyepokewa zamu. Kwa mtu mzima aliyetulia, hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, ukiongozwa na umeme mdogo unaoanzia katika chumba chake cha juu, upande wa kulia. Umeme huo ukipotea njia, mapigo huenda kombo. Twapenda kuwaeleza askari na polisi maradhi haya, kwani hayamshiki kijana kama yamshikavyo mzee, wala dawa yake si moja.

Kijana mara nyingi huzaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni. Mnamo 1930, madaktari Wolff, Parkinson na White walieleza hali ya namna hiyo. Moyo huanza kwenda mbio ghafula, ukapita mapigo 150 kwa dakika, kisha ukatulia ghafula vilevile. Mwenyewe aweza kuwa hodari wa gwaride na mbio ndefu.

Kwa mzee, aghalabu vyumba vya juu hutetemeka badala ya kupiga. Damu hutuama, ikaganda, na bonge likikimbilia ubongoni huleta kiharusi. Uchunguzi wa Framingham, Marekani, uliotangazwa 1991, ulionyesha kuwa hatari ya kiharusi huongezeka karibu mara tano. Barani Afrika maradhi haya huwapata hata wenye umri mdogo, kwa kuwa homa inayofuata maambukizo ya koo utotoni huharibu milango ya moyo.

Matibabu ya kuunguza hufanywa kwa mrija mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa paja hadi moyoni, ukachoma mahali pale penye kosa. Mwaka 1991, Jackman na wenzake wa Oklahoma walitangaza kuwa walifaulu kwa wagonjwa 164 kati ya 166 wenye njia ya ziada. Mwaka 1998, Haïssaguerre wa Bordeaux, Ufaransa, alionyesha kuwa mtetemeko wa vyumba vya juu mara nyingi huchochewa kutoka katika mishipa itokayo mapafuni. Tangu hapo nao ukatibiwa kwa kuunguza.

Je, umri una uzito gani? Jaribio la CABANA, lililotangazwa 2019, lililinganisha kuunguza na dawa kwa watu 2,204 wenye mtetemeko huo. Uchambuzi wa 2022 ulionyesha kuwa faida dhidi ya kifo na madhara makubwa ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka 65, na haikuonekana kwa waliofikisha 75. Lakini maradhi yalirudi kwa uchache katika kila rika. Hivyo mzee hakatazwi tiba hii; hupewa hasa ili apate nafuu, naye asiache dawa ya kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari.

Twajua kuwa baadhi ya askari huficha dalili wakiogopa kuondolewa kazini. Lakini anayezimia akishika usukani au bunduki huwahatarisha wenzake pia. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, uhesabu kwa dakika nzima. Mapigo yakiwa ya ovyo, au ukizimia mazoezini, mwone mganga wa kikosi upimwe umeme wa moyo. Kwa kijana hasa, ugonjwa unaofichwa huenda ndio ule unaoweza kuondolewa kabisa.