Golf GTI au Golf R: Kinachonunuliwa kwa Tofauti ya Bei

Miongoni mwa hachibeki, yaani magari madogo ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo na kuliunganisha buti na sehemu ya abiria, ni chache zinazowafikirisha wanunuzi wa Kenya kama Volkswagen Golf GTI na ndugu yake wa bei ya juu, Golf R. Magari haya mawili hufanana kwa umbo, hutumia injini za ukoo mmoja zenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,984, na kwa mtu asiyeyajua hutofautishwa kwa nembo na mabomba ya moshi tu, mawili kwa GTI na manne kwa R. Hata hivyo, bei zake huachana kwa kiasi ambacho familia nyingi zingekitumia kulipa karo ya mwaka mzima, na kwa sababu hiyo mnunuzi anastahili kuelezwa kwa makini kile anachokipata kwa nyongeza hiyo.

GTI ndiyo kongwe. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa mwaka 1976, ikiwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 110, na kiwanda kilikusudia kuunda magari 5,000 tu. Ukoo wa R ulianza mwaka 2002 kwa gari lililoitwa R32, lililokuwa na injini ya silinda sita na msukumo wa magurudumu yote manne. Makala hii inajikita katika kizazi cha saba, kilichotoka kiwandani kuanzia mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2017, kwa kuwa ndicho kinachokutana mara nyingi na mfuko wa mnunuzi wa gari lililotumika. Katika kizazi hicho, GTI ya kawaida ya mwanzo ilikuwa na nguvu farasi 220 na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 350, wakati R ilikuwa na nguvu farasi 300 na nyutonimita 380. Nguvu ya kuzungusha ndiyo inayosikika mgongoni dereva anapokanyaga mafuta, nayo nguvu farasi huonyesha jinsi msukumo huo unavyodumu kadiri mwendo unavyoongezeka.

Takwimu hizo humfanya mnunuzi adhani kwamba analipia nguvu farasi 80. Ukweli ni kwamba analipia zaidi mshiko, yaani uwezo wa matairi kuihamisha nguvu hiyo hadi kwenye lami bila kuteleza, na jambo hili linahitaji maelezo kidogo ya fizikia. GTI husukumwa na magurudumu ya mbele pekee. Gari linaposimama, takribani asilimia 60 ya uzito wake hukandamiza magurudumu hayo, lakini linapoondoka kwa kasi, sehemu ya uzito huhamia nyuma, kiasi kwamba katika mchapuko mkali matairi ya mbele hubaki na karibu nusu tu ya uzito wote, wakati huo huo ambapo yanadaiwa kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Ikiwa tairi jema kwenye lami kavu huweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia asilimia 90 ya uzito unaolikandamiza, basi gari la aina hiyo haliwezi kuvuka sana mchapuko wa asilimia 45 ya graviti, hata likifungwa injini kubwa namna gani.

Tukilinganisha hesabu hiyo na takwimu za kiwanda, picha hujichora yenyewe. GTI ya nguvu farasi 220 hutoka kilomita 0 hadi 100 kwa saa katika sekunde 6.5, ambazo ni wastani wa asilimia 44 ya graviti, maana yake ni kwamba katika gia za chini gari hilo tayari limefika mpaka wa matairi yake. R yenye giaboksi ya klachi mbili hutumia sekunde 4.9, ambazo ni wastani wa asilimia 58, kiwango ambacho magurudumu mawili ya mbele yasingekifikia kwa matairi ya kawaida ya barabarani. Mvua ikinyesha na mshiko ukishuka hadi asilimia 50, gari la msukumo wa mbele hubakiwa na takribani asilimia 27 ya graviti, ilhali lile la msukumo wa magurudumu manne huweza kuikaribia ile 50 yote. Hapo ndipo fedha ya nyongeza inapoonekana wazi: wakati wa kutoka kwenye makutano yenye utelezi, wa kupanda mteremko wa Mai Mahiu katika msimu wa masika, au wa kulipita lori kwenye barabara nyembamba ya milimani ambako muda wa kukaa upande wa magari yanayokuja ni lazima uwe mfupi iwezekanavyo.

Ni wajibu, hata hivyo, kusema kwa uzito ule ule kile ambacho fedha hiyo hainunui, kwa sababu kosa la kufikiri katika eneo hili huua watu. Msukumo wa magurudumu manne hausaidii kusimama. Magari yote, yawe ya msukumo wa mbele au wa manne, hufunga breki kwa magurudumu yake yote, na R, ambayo ina uzito unaozidi ule wa GTI kwa takribani kilo 100, haina muujiza wowote wa kusimama mapema kwenye lami yenye maji. Vilevile, mshiko wa pembeni katika kona hutegemea matairi, na dereva anayehisi kwamba gari limeondoka bila kuteleza hata kidogo hukosa onyo ambalo gari la msukumo wa mbele lingempa kuhusu hali ya barabara. Nishati ambayo breki hulazimika kuimeza huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kabisa kwa gari dogo kwenye barabara kuu za njia mbili nchini Kenya, hubeba karibu mara mbili ya nishati ya gari lile lile likiwa na mwendo wa kilomita 80. Mwenye fedha za kuboresha gari angefanya hekima kuyatazama matairi, pedi na diski za breki kabla ya kuitazama nembo.

Mazingira ya Afrika Mashariki yana mambo yake katika hesabu hii. Nairobi imekaa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, mahali ambapo shinikizo la hewa ni takribani asilimia 82 tu ya lile la Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinacholingana na upungufu huo. Turbo, ambayo ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa injini ili kusukumia hewa ndani ya silinda, huweza kuufidia upungufu huo kwa kuzunguka haraka zaidi, na R ina turbo kubwa zaidi yenye akiba pana ya kufanya hivyo. Barabara nazo zina hoja yake. R iliundwa ikiwa chini ya Golf ya kawaida kwa milimita 20, na ikivalishwa rimu za inchi 19 zenye matairi ya 235/35, ukuta wa tairi huwa na kimo cha milimita 82 tu, ukilinganishwa na milimita 101 za GTI yenye rimu za inchi 17 na matairi ya 225/45. Kwa mtu ambaye safari yake ya kila siku ina matuta yasiyo na alama na mashimo yaliyofichwa na maji, milimita hizo 19 zina thamani kubwa kuliko sekunde moja na nusu ya mchapuko. Buti la R pia limepungua kutoka lita 380 hadi 343, kwa kuwa chini yake kunapita mitambo ya kuendesha magurudumu ya nyuma.

Mitambo hiyo ya nyuma inastahili maelezo marefu kidogo, kwa maana ndiyo kiini cha bei na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Magurudumu ya nyuma ya R hayazungushwi muda wote kwa nguvu sawa na yale ya mbele. Mbele ya difu ya nyuma kuna klachi ya sahani nyingi zinazoelea ndani ya oili, inayojulikana kwa jina la Haldex, kampuni ya Uswidi iliyoianzisha kabla ya kitengo hicho kuuzwa kwa BorgWarner mwaka 2011. Pampu ndogo ya umeme huzikandamiza sahani hizo kila kompyuta inapoona kwamba nguvu inahitajika nyuma. Sahani zinapochakaa hutoa chembechembe, na chembechembe hizo huziba kichujio kidogo cha pampu, hadi pampu inapolemewa na kuungua. Gari huendelea kwenda vizuri, mara nyingi bila taa yoyote ya onyo, isipokuwa sasa linasukumwa na magurudumu ya mbele pekee. Oili ya klachi hiyo inapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka 3 hivi, na fundi mwenye bidii huifungua pampu na kukisafisha kichujio katika huduma hiyo hiyo. Mfumo huu pia hudai matairi manne ya aina moja yaliyochakaa kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo tairi moja likipasuka, mwenye gari huweza kujikuta akinunua mawili au hata manne.

Kuhusu giaboksi, hofu iliyoenea inahitaji kusahihishwa. Giaboksi ya klachi mbili iliyochafua sifa ya Volkswagen, na kuifanya kampuni hiyo iyaite magari yake zaidi ya 380,000 nchini China mwaka 2013, ni ile ya gia saba yenye klachi kavu, ambayo hufungwa kwenye Golf za injini ndogo. GTI na R za kizazi cha saba hutumia giaboksi zenye klachi zinazooga ndani ya oili, ambazo ni imara zaidi, mradi oili na kichujio chake vibadilishwe kwa wakati; kwa ile ya gia sita, wakati huo ni kila kilomita 60,000.

Upande wa kodi, ujazo sawa wa injini huyaweka magari yote mawili katika daraja moja, lakini kodi hutozwa kwa asilimia ya thamani, na kila moja huhesabiwa juu ya jumla iliyokwisha kutozwa nyingine. Ikiwa ushuru wa forodha ni asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 16, basi tofauti ya shilingi 500,000 katika thamani ya forodha hugeuka kuwa karibu shilingi 980,000 kabla ya ada nyingine ndogo. Kenya, zaidi ya hayo, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo Golf 7 za mwanzo hupatikana sasa kwa watu waliozitumia humu nchini tu, ambako historia ya matengenezo ndiyo inayopaswa kupanga bei.

Baadhi ya wanunuzi hupendelea njia ya tatu, ambayo ni kununua GTI na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili nguvu ipande. Nguvu hupanda kweli, lakini maelezo yaliyotangulia yanaonyesha kwamba matairi ya mbele hayaongezewi chochote, nazo klachi za giaboksi hubebeshwa mzigo usiokusudiwa na kiwanda. Njia iliyo bora kuliko hiyo, na ambayo haisifiwi vya kutosha, ni GTI iliyotoka kiwandani na kifurushi cha utendaji, iliyouzwa kwa wingi Uingereza: ina nguvu farasi 230, diski za mbele za milimita 340 kama za R badala ya 312, na difu ya mbele yenye klachi inayodhibitiwa na kompyuta, ambayo hulipelekea nguvu gurudumu la nje lenye mshiko wakati wa kutoka kwenye kona. Kwa dereva ambaye siku nyingi hukaa katika msongamano wa Thika Road na mara chache husafiri kwenda Nakuru au Mombasa, gari hilo hutoa sehemu kubwa ya raha ya R kwa mzigo mdogo zaidi wa matunzo, na tofauti ya bei huweza kulipia matairi bora, bima kubwa na mafunzo ya udereva katika uwanja uliofungwa.

R inamfaa yule anayeishi au kusafiri mara kwa mara kwenye nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Limuru, Kericho au Nyahururu, au anayeshindana kwenye viwanja vya michezo ya magari, na ambaye amekwisha kutenga fedha za oili ya Haldex na seti nzima ya matairi. Mtu huyo asilipe kabla gari halijapandishwa kwenye lifti ya gereji na kompyuta ya fundi kuiamuru pampu ya nyuma ifanye kazi, huku fundi akihakikisha kwamba klachi inashika kweli. Pampu ikikaa kimya, au muuzaji akikosa stakabadhi za kubadilishwa kwa oili hiyo, bei ijadiliwe kwa kulilinganisha gari hilo na GTI ya umri ule ule, kisha ipunguzwe tena kwa gharama ya pampu, klachi na kazi ya fundi.