Mtoto ana mafua? Ahirisha safari ya kwenda kuona sokwe

Bahari iko mbali na Magamba, mkoani Katavi. Hata hivyo, ufukwe wa mchanga, mabwawa ya viboko na njia za msituni vipo huku huku magharibi.

Hifadhi ya Taifa Katavi ndiyo ya karibu. Huko mvishe mtoto nguo za mikono mirefu zenye rangi hafifu, kwani mbung'o, wanaoeneza malale, huvutwa na bluu na nyeusi.

Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, inataka maandalizi zaidi. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kadhaa hapo, na watafiti wakakuta virusi vyenye asili ya binadamu. Mafua yanayompata mtoto wako na kuisha kwa wiki moja yanaweza kumuua sokwe. Ndiyo maana wageni huvaa barakoa, hukaa umbali wa mita 10 na hutazama kwa saa moja tu. Walio chini ya miaka 12 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe.

Mzazi aliyekwishalipia boti hushawishika kumpa mtoto dawa ya kikohozi na kunyamaza. Dawa hiyo hutuliza kifua tu, haiui virusi. Mwambie mhifadhi mapema.

Wadogo wabaki ufukweni na mtu mzima. Kabla hawajaingia majini, muulize mhifadhi kuhusu mamba, na epuka maji yaliyotuama yenye majani, makazi ya konokono wa kichocho.