Bando, Salio na Okoa: Maneno ya Simu Vinywani mwa Vijana wa Mijini

Katika mazungumzo ya vijana wa Nairobi na Dar es Salaam yamezuka maneno ya kupimia intaneti, wala hayatumiki sawasawa kwa wote. Kijana ambaye nyumbani kwao kuna waya wa intaneti ulipiwao kwa mwezi hana haja nayo sana, kwa kuwa hapimi. Mwenziwe anunuaye kwa siku, au hata kwa saa, ndiye ayapaye uhai.

Neno lililo kuu, hasa Dar es Salaam, ni bando. Sikio la Mswahili laweza kulihusisha na bandu, kile kipande kidogo kibanduliwacho gogoni, na maana isingekuwa mbali. Lakini asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya furushi. Limeingia katika ngeli ya li-ya bila taabu: bando limekwisha, mabando yamepanda bei. Ajabu ya furushi hili ni kwamba aghalabu hupotea hata lisipotumiwa: ufikapo muda wake, kilichosalia huenda bure. Tena lile dogo la siku, ukilipima kwa uzani, mara nyingi ni ghali kuliko kubwa la mwezi.

Kubipu ni kupiga simu na kuikata kabla haijapokewa, ili mwenye salio ndiye apige. Kitenzi hiki kimekubali viambishi kama wenyeji: alinibipu, tunabipiana.

Lakini listahililo kutazamwa zaidi ni okoa. Msemo wa mabaharia, okoa jahazi, ulifanywa na kampuni ya Safaricom ya Kenya kuwa jina la mkopo wa muda wa maongezi. Aokolewaye hutozwa ada ya asilimia 10: akopaye shilingi 100 hupata 90. Mazungumzoni jahazi limeachwa, ikabaki okoa. Na kitenzi cha amri, kilichokuwa wito wa msaada, sasa ni nomino ya deni.

Nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 zilipanua njia. Hazikuondoa kipimo kiuzwacho dukani. Shule zilipofungwa Machi 2020, baadhi ya masomo yakapelekwa kwa intaneti, na somo la video humaliza bando la siku upesi sana. Katika hesabu ya wenye simu, mwanafunzi aliyetazama hadi mwisho na yule aliyekatikiwa katikati huandikwa pamoja.