Hukuomba, Lakini Unalipa

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, majuzi nilikuwa Muheza, mkoani Tanga, wakati wa msimu wa machungwa. Anayeijua Muheza anajua jinsi mji unavyokuwa siku hizo. Malori yanapakiwa tangu alfajiri, mengine ya kwenda Dar es Salaam, mengine ya kuvuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya, na kila mkulima ana simu sikioni akimtafuta dalali. Asiye na salio siku hiyo huuza kwa bei ya yule wa kwanza kumfikia shambani.

Mzee mmoja mwenye miti yake ya machungwa alinionyesha simu yake, ile ndogo ya vitufe ambayo vijana huiita kiswaswadu. Jioni aliweka vocha ya shilingi 1,000, akalala. Asubuhi, kabla hajampigia mtu yeyote, salio lilikuwa shilingi 700.

"Mwanangu," akaniuliza, "hivi simu hii hupiga yenyewe usiku?"

Simu haikupiga. Tulipofungua sanduku la ujumbe tulikuta foleni ndefu. Kulikuwa na matokeo ya mpira wa Ulaya, dondoo za mapenzi, na maneno ya hekima ya kila asubuhi. Mzee huyu hasomi bila miwani, na miwani yake hukaa nyumbani kwenye kabati. Huduma zilikuwa tatu, kila moja ikikata shilingi 100 kwa siku. Tulirudi nyuma hadi ujumbe wa kwanza wa kila huduma, na yote mitatu ilikuwa na sura moja: hongera, umeunganishwa, siku tatu za mwanzo ni bure, baada ya hapo utakatwa, na ukitaka kujitoa tuma neno fulani kwenda namba fulani.

Hongera ya nini, wakati hakuomba kitu? Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa sababu mzee wa Muheza hayuko peke yake. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa Tanzania zilikuwa zimepita milioni 70, na ni wachache mno wenye laini ambao hawajawahi kukutana na jambo hili.

Huduma za namna hii kwa kawaida hazitengenezwi na kampuni ya simu yenyewe. Kuna kampuni nyingine inayoandaa maneno, nyimbo au habari, na mara nyingi ipo ya tatu katikati inayounganisha mitambo. Kampuni ya simu ndiyo yenye ufunguo wa salio lako, nayo hukata fedha kwa niaba ya hao wengine kisha wote wakagawana. Njia za kukuingiza ni nyingi. Umeangalia salio, mara kioo kinaleta maandishi yenye kitufe cha SAWA; wewe unabonyeza ili yaondoke, kumbe umekubali. Unapigiwa simu na sauti iliyorekodiwa ikikuambia ubonyeze moja. Mtoto anachezea simu, anagusa tangazo. Na wapo watu wanaoapa kwamba hawakubonyeza chochote, nami sina sababu ya kuwaita waongo.

Siku za bure nazo zina kazi yake. Ukikatwa fedha saa ile ile utashtuka na kulalamika. Ukipewa siku tatu au saba bila kukatwa, ujumbe ule wa kwanza unazama chini ya mingine, na fedha zinapoanza kutoka hukumbuki tena chanzo chake. Kiasi chenyewe ni kidogo, hakimfanyi mtu apande basi kwenda kudai. Lakini piga hesabu. Shilingi 100 kwa siku ni shilingi 3,000 kwa mwezi kutoka kwa mtu mmoja. Wakiwa watu 100,000, ni shilingi milioni 10 kila siku, na kumpelekea mtu ujumbe mfupi hakumgharimu mwenye mtambo kitu cha kuhesabika. Kuna hata salio la mkopo ambalo linaliwa kabla mwenyewe hajalitumia, halafu mkopo unabaki kuwa wake. Hapo ndipo mimi huona haya kwa niaba ya wengine.

Mbinu hii haikuanza na simu. Huko Marekani, klabu ya vitabu iliyoanzishwa mwaka 1926, Book-of-the-Month Club, ilikuwa ikipeleka kadi kwa wanachama kila mwezi. Asiyerudisha kadi ya kukataa aliletewa kitabu pamoja na hesabu yake. Wale angalau walijiunga wenyewe. Hata hivyo mwaka 1973 serikali ya nchi hiyo iliweka kanuni ya kuzibana biashara za aina hiyo. Uingereza ilikuwa na watu waliopelekewa bidhaa kwa posta bila kuagiza, kisha wakadaiwa. Sheria ya mwaka 1971 ikamaliza mchezo: kitu kilicholetwa bila kuombwa kingeweza kuhesabiwa zawadi kwa aliyekipokea, na kumdai fedha likawa kosa.

Simu zilipoenea, mbinu ikarudi. Mwaka 2014 kampuni ya AT&T ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 105, na kati ya hizo milioni 80 zilikuwa za kuwarudishia wateja, kwa sababu ya kuwatoza watu ada za nyota na miito ya simu ambayo hawakuiagiza. Mwaka huo huo T-Mobile nayo ikakubali kulipa si chini ya dola milioni 90. Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba wasimamizi walieleza kuwa AT&T ilikuwa ikibaki na asilimia 35 au zaidi ya kila ada. Anayepata theluthi ya fedha hawezi kusema kwamba yeye ni mpitishaji tu.

Na sheria ya mikataba inasemaje? Mwaka 1862 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la mtu aliyemwandikia mpwa wake barua kuhusu farasi, akataja bei, na kumwambia kwamba asiposikia neno tena atahesabu farasi ni wake. Mpwa hakujibu. Dalali wa mnada akamuuza farasi kwa makosa, na yule mtu akashtaki. Akashindwa, kwa kuwa huwezi kumfunga mtu kwa ukimya wake. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, nayo imejengwa juu ya ridhaa ya hiari. Sasa ikiwa ukimya wa mpwa haukutosha kuuza farasi mmoja, vipi ukimya wa mzee aliyelala utoshe kumkata shilingi 300 kila usiku?

Kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na pembeni yake lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Kanuni za kumlinda mtumiaji zilitolewa mwaka 2018. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inahusu namba yako kutumiwa kwa jambo ambalo hukuliridhia. Kanuni tunazo, basi. Kinachobaki ni nani atoe ushahidi. Hivi sasa mteja ndiye anayehangaika kuthibitisha kwamba hakujiunga, jambo ambalo halithibitishiki. Ingefaa kampuni ndiyo ionyeshe siku, saa na neno alilotuma mteja, na ikishindwa irudishe kila senti. Afrika Kusini, chama cha watoa huduma hizi kinataka mteja akubali mara mbili kabla ya kukatwa. Nigeria, mwaka 2016, mamlaka yao iliziamuru kampuni zote zitumie namba moja, 2442, ambayo mteja huitumia kuzuia jumbe za namna hii.

Kwa leo, msikilizaji, fanya hivi. Soma ujumbe wa huduma mpaka mwisho. Neno la kujitoa, kama ONDOA au STOP, huandikwa mwishoni kabisa. Litume kama lilivyo. Lisipofanya kazi piga 100, huduma kwa wateja, uombe kutajiwa huduma zote zilizounganishwa kwenye laini yako na uulize ziliunganishwa lini. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Usipopata haki hapo ndipo uende TCRA, nao watakuuliza kwanza kama ulianzia kwa kampuni yako. Ile namba 15040 ni ya kuripoti jumbe za matapeli, msichanganye.

Pale Muheza tulituma maneno matatu. Huduma mbili zilijibu kwamba ameondolewa. Ya tatu ilijibu kwamba neno halitambuliki, ingawa tulilinakili herufi kwa herufi. Tukapiga 100, tukasikiliza muziki mrefu, hatimaye binti mmoja mwenye adabu nzuri akaiondoa. Mzee akamshukuru, kisha akauliza kuhusu fedha za miezi iliyopita. Akaambiwa aandike barua.

Barua imekwisha kwenda. Aliyeiandika ni mjukuu wake wa darasa la saba, na nakala mzee ameiweka kabatini, pamoja na miwani.